Mama Mizizi na Miti ya Barabara ya Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kazini na bosi hayupo karibu, ongeza sauti. Leo tunamkumbuka mama aliyetutoka wiki iliyopita baada ya kuugua. Kwa waliofungua redio sasa hivi, narudia: leo tunamkumbuka Mama Mizizi, mtunza miti wa jiji letu, aliyetutoka wiki iliyopita.

Mama Mizizi ndivyo tulivyomwita wote, mpaka mume wake. Mgeni akilisikia jina hilo alidhani ni mganga. Na kweli walikuwepo waliompigia hodi asubuhi asubuhi wakitaka dawa ya mgongo. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa, akawaeleza kwamba mizizi anayoijua yeye iko chini ya lami na haijawahi kutibu mgongo wa mtu. Wengi waliondoka na mche wa ua mkononi, na mgongo uleule.

Kazi yake ilikuwa hii: alikuwa mkuu wa idara ya bustani za jiji. Miti ya pembeni mwa barabara, miti ya viwanja vya kupumzikia, miti ya mbele ya ofisi kubwakubwa, yote ilikuwa mikononi mwake. Alisomea misitu chuoni. Alipomaliza, wenzake wakapanda magari wakaenda msituni. Yeye akarudi mjini. Walimuuliza kulikoni. Aliwajibu, "Msituni miti ina wenyewe. Ya mjini ndiyo yatima."

Nilikwenda kumsikiliza mdogo wake, ambaye leo ndiye mwenye karakana ya kuchomelea aliyoiacha baba yao. Karakana ile nimeikuta vilevile nilivyosimuliwa: mageti yameegemezwa ukutani, cheche zinaruka, na nje mlangoni kuna mti mnene wenye kovu linalouzunguka kiunoni. Nikamuuliza kovu lile ni la nini. Akazima mashine, akavua miwani.

"Lile ni la baba," akasema. "Alifunga waya pale apate kutundika mageti. Mti ukanenepa, waya haukunenepa. Waya ukaanza kuzama kwenye gome. Basi dada akitoka shule tu, hata sare hajavua, anachukua koleo la baba anakata ule waya kidogo kidogo. Baba akamuuliza, we mtoto una nini na waya wangu? Dada akamwambia, baba, hebu vaa pete yako ya utotoni tuone. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mageti akayahamishia ukutani."

Huyo ndiye Mama Mizizi akiwa mtoto, wasikilizaji. Hakubadilika sana.

Sasa nije kwa mume wake, maana habari ya mama huyu bila mume wake ni nusu habari. Mume wake ni mtu wa barabara. Amesimamia ujenzi wa barabara na njia za waenda kwa miguu maisha yake yote. Mafundi walimpa jina la Mzee Shindilia, kwa sababu ndilo neno alilopigia kelele kutwa nzima. Kifusi kikimwagwa, shindilia. Mchanga ukitandazwa, shindilia. Rola ikipita mara ya mwisho na dereva ameshazima injini anatafuta kofia yake, Mzee anasema, shindilia tena.

Mnaona matatizo yalipo? Mwanamume ambaye kazi yake ni kukaza ardhi, amemuoa mwanamke ambaye kazi yake ni kuilegeza.

Nilimuuliza Mzee Shindilia walikutana vipi. Alitabasamu, jambo ambalo wiki hii halikuwa rahisi kwake.

"Alikuja kunikaripia," alisema. "Rola yangu ilikuwa inapita karibu na mti. Akasimama mbele yake. Nikamwambia, dada, barabara isiposhindiliwa inazama. Akaniambia, kaka, mti ukishindiliwa unakosa hewa, unakufa. Tukabishana hapo mpaka mafundi wakamaliza kula na kuosha vyombo. Kesho yake nikapita tena pale. Wala sikuwa na kazi pale."

Waliooana ndio hao. Nyumbani kwao utacheka. Nusu ya ua imesakafiwa vitofali, vimenyooka kama meno ya bandia. Nusu nyingine ni udongo mtupu, majani, miche na ndoo. Katikati hakuna ukuta, lakini kila mtu anajua mpaka wake. Binti yao anasema alijifunza kutembea upande wa baba na kuanguka upande wa mama, maana kwa mama hapakuwa na maumivu.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tuingie Barabara ya Hospitali. Hapa ndipo penye habari yenyewe.

Wakubwa mnaikumbuka barabara ile kabla ya miti. Ilikuwa kikaango. Jua juu, lami chini, na kuta nyeupe za hospitali zinarudisha mwanga usoni. Ndugu za wagonjwa walikaa kwenye ukingo wa barabara wakisubiri saa ya kuona wagonjwa, wamejifunika maboksi kichwani. Kina mama waliotoka kujifungua walisubiri usafiri na vichanga vyao kwenye lile joto. Jiji likaamua: barabara itengenezwe upya, na ipandwe miti. Njia ya miguu akapewa Mzee Shindilia. Miti akapewa mke wake. Mume na mke, barabara moja.

Mama Mizizi alichagua mijakaranda, ile ya maua ya zambarau. Kisha akafanya kitu ambacho kila mpanda miti mwenye mapenzi angefanya. Alichimba mashimo, akayajaza udongo mweusi wa kitaluni, mboji na samadi iliyooza vizuri. Aliiandalia miche kitanda cha kifalme. Mume wake naye akafanya kitu ambacho kila mjenzi mwenye kujiheshimu angefanya. Alishindilia ardhi yote iliyozunguka mashimo yale mpaka msumari ukawa unapinda. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri kabisa. Nalirudia hili kwa sababu ni muhimu: kila mmoja alifanya kazi yake vizuri kabisa. Na hilo ndilo lililotaka kuiua ile miti.

Miaka ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Miti ilipaa. Ilichanua. Maharusi walikuja kupiga picha, hospitalini hawana mgonjwa. Kisha, taratibu, mambo yakaanza kwenda mrama. Majani yakaungua pembeni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Matawi ya juu yakakauka. Mama Mizizi akaongeza maji. Miti ikazidi kudhoofika. Akaongeza maji tena.

Halafu ikaja siku ya upepo. Ilikuwa mchana, watu wamejaa. Mti mmoja ukaanguka wote mzima, ukalala juu ya kibanda cha muuza magazeti. Mwenyewe alikuwa amevuka barabara kufuata chai. Alisimama ng'ambo na kikombe mkononi, akitazama kibanda chake kilivyokuwa bapa. Hakuna aliyeumia. Lakini hebu fikirieni, mlango wa hospitali ule, watoto wanapita pale.

Mama Mizizi alifika mbio. Hakuutazama mti juu. Alipiga magoti akatazama chini, mahali ulipong'oka. Tunayo sauti yake kwenye maktaba yetu, kutoka mahojiano aliyofanya na kipindi hiki miaka iliyofuata. Alisema hivi, nami nanukuu:

"Mizizi ilikuwa imejizungusha, imejikunja, imechukua umbo la shimo lenyewe. Kama nywele ndani ya kofia. Haukutoka hata mmoja kwenda mbali. Ingetoka iende wapi? Ndani kuna chakula kizuri, nje kuna ukuta. Na yale maji niliyokuwa naongeza yalikuwa hayana pa kwenda. Nilikuwa nimetengeneza mabeseni, mwanangu. Nimepanda miti kwenye mabeseni, namwagia maji nikidhani naipenda. Nililia pale pale, mbele ya muuza magazeti."

Mwisho wa kunukuu.

Jiji likaitisha mkutano. Uamuzi ulikuwa umeshaiva kabla hata watu hawajakaa: miti yote ya Barabara ya Hospitali ikatwe. Mahali pake iwekwe miti ya chuma yenye taa za rangi. Ofisa mmoja aliisifia sana hiyo miti ya chuma. Haili, hainywi, haiangushi majani. Na tumtendee haki ofisa yule, hakuwa mtu mbaya. Aliogopa mti mwingine usimwangukie mgonjwa, na alikuwa na sababu ya kuogopa.

Mama Mizizi akasimama. Wengi walidhani atalia. Akasema, "Waheshimiwa, kosa ni langu nusu. Nusu nyingine nalala nayo kitanda kimoja."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mwenyekiti alijifuta machozi kwa tai. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa ameketi mstari wa pili, akiwakilisha idara ya barabara. Uso ulikuwa umemkunjamana kama shati lililosahauliwa kwenye ndoo.

Vicheko vilipokwisha, mama akaomba. Aliomba apewe nafasi ya kuiokoa miti iliyobaki kabla ya mvua kubwa. Alisema akishindwa, yeye mwenyewe atashika msumeno, kisha atarudisha funguo za ofisi. Mkutano ukamkubalia kwa masharti mawili. La kwanza, usianguke mti mwingine. La pili, njia isizame, kwa sababu magari ya wagonjwa hupanda juu yake yanapoingia getini. Kwa hiyo kazi ilikuwa hii, na naomba muishike vizuri: ardhi iwe laini kwa ajili ya mizizi, na hapohapo iwe ngumu kwa ajili ya magurudumu. Ardhi ileile. Kwa wakati uleule.

Sasa, nyumbani kulikuwaje? Binti yao amenisimulia, na amenipa ruhusa niseme. Anasema baba na mama walinuniana wiki nzima, na yeye aligeuzwa posta.

"Mama ananiambia, mwambie baba yako chakula kiko mezani. Baba yuko hapo hapo, ananisikia. Anasema, mwambie mama yako nimeshiba maneno ya mkutanoni. Nikimgeukia mama, anasema, mwambie basi ale akalale, kitanda kina nusu yake. Mimi nacheka, wao hawacheki. Mpaka siku ile nimerudi nikakuta geti letu liko chini."

Geti liko chini! Wasikilizaji, kulitokea nini?

Kilichotokea ni kwamba Mzee Shindilia, katika kule kununa kwake, alikuwa hakai bure. Alikuwa anawaza. Alichimba shimo refu katikati ya ua, palepale mpakani. Akalijaza mawe. Si kokoto ndogo, mawe ya ukubwa wa ngumi, yenye pembe. Kisha akaenda upande wa mke wake bila kuomba ruhusa, akachota udongo, akaumwaga juu ya mawe na kuusukumia chini kwa maji, ukajaa kwenye nafasi zilizobaki kati ya jiwe na jiwe. Juu akapanga vitofali. Halafu akaagiza greda la kazini lije lipite juu yake. Mtu ambaye hupima kila kitu, siku hiyo hakupima geti lake mwenyewe. Greda likaingia na geti likaingia nalo.

"Nilimwita," anasema Mzee. "Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake wiki ile. Nikamwambia, Mama Mizizi, njoo uone. Mawe yanabebana yenyewe kwa yenyewe. Uzito unapita kwenye mawe, udongo wako hauguswi. Akaenda kuleta koleo, akafukua. Akaingiza kidole kati ya mawe mpaka mwisho. Udongo ulikuwa laini, na greda limepita juu. Sasa mimi nasubiri aniambie ahsante."

Nikamuuliza, akasema ahsante?

"Akasema, na maji yataenda wapi?"

Ndivyo alivyokuwa! Wakakaa pale pale juu ya vitofali, geti limelala, majirani wanachungulia, wakaanza kuchora kwa kijiti. Mama akisema bomba lipite hapa litoe maji mpaka mtaroni. Mzee akisema likipita hapo litapasuka, lipite huku. Binti anasema alipowaona wanabishana tena alijua nyumba imepona.

Niseme neno moja hapa kabla sijaendelea. Tumezoea kusimuliwa kwamba mtu mkubwa alifanya jambo kubwa peke yake. Mama Mizizi alikataa kusimuliwa hivyo. Kila alipokuja studio alisema, "Mtaje na yule wa mawe." Nami namtaja. Yeye aliijua mizizi, mumewe aliujua uzito, na ilibidi mmoja amtoe mwenzake kwenye shimo lake.

Basi kazi ikaanza Barabara ya Hospitali. Vitofali vikang'olewa kipande kwa kipande, kutoka shimo la mti mmoja hadi shimo la mti wa pili, ili mashimo yote yaungane kwa mfereji mmoja mrefu wa mawe na udongo. Karibu na mizizi hawakutumia mashine, walichimba kwa mikono. Mizizi iliyojizungusha Mama aliinyoosha, na ile iliyooza aliikata kwa msumeno mdogo, akiongea nayo kama daktari wa meno anavyoongea na mgonjwa asiyeweza kujibu. Fundi mmoja wa siku zile aliniambia kwamba kitofali cha kwanza alikivunja Mzee Shindilia kwa mkono wake. Njia ile alikuwa ameijenga yeye, na ilikuwa imesifiwa. Alikigeuza kitofali, akakikagua, akasema, "Kilikuwa kimekaa vizuri." Akainua nyundo akaendelea na cha pili.

Siwezi kusema watu walifurahi. Walilalamika, na walikuwa na haki. Vumbi liliingia madukani. Wagonjwa walipitishwa kwenye mbao. Na muuza magazeti, yule wa kibanda bapa, alipinga mwanzo mwisho. Alishajenga kibanda kipya, na safari hii kilikuwa chini ya mti mkubwa kuliko wote, ambao nao ulikuwa umeinama kidogo kuelekea kwake.

"Mama," alimwambia mbele za watu, "mti wako wa kwanza umenikosa. Huu wa pili unanipigia hesabu. Ukate."

Mama Mizizi hakubishana naye. Alimwambia tu, "Mvua ya kwanza nitakuja kukaa na wewe."

Na alikuja, wasikilizaji. Mvua ya kwanza kubwa ilianza alasiri. Mnaijua ile mvua inayotanguliwa na upepo wa kufunga milango yenyewe. Watu walikimbilia ndani ya hospitali. Mama Mizizi alitoka ofisini na mwavuli, mwavuli ukageuka nje ndani kabla hajafika, akautupa. Akaingia kwenye kibanda cha muuza magazeti, akakaa kwenye stuli, chini ya ule mti ulioinama.

Muuza magazeti yupo, mzima wa afya, na wiki hii amekuja studio kwa miguu yake. Msikilizeni.

"Nilimwambia, mama, toka, usinitie kesi. Akaniambia, ukianguka utatuangukia wote, tulia usome gazeti. Nisome gazeti gani na upepo ule! Mti ulikuwa unalia, naapa, unalia kama mlango mbovu. Na mama ameushika kwa kiganja, hivi, kwenye shina. Nikamuuliza, unauzuia? Akasema, siuzuii, nasikiliza. Hapo akaniuliza mlango wa kibanda unafungukia upande gani. Nikajua na yeye anaogopa. Sijui kwa nini, lakini nilipojua anaogopa ndipo mimi nikaacha kuogopa. Nikavuta kreti, nikakaa naye."

Na Mzee Shindilia? Alikuwa getini, amelowa chapachapa, anatazama njia. Gari la wagonjwa lilikuja katikati ya mvua ile, taa zinazunguka, likapanda juu ya vitofali. Mzee aliinama kabisa, shavu karibu na maji, atazame kama vitazama. Dereva alidhani mzee ameanguka, akafungua dirisha, "Baba, nikubebe?" Mzee akamwambia, "Rudi nyuma upite tena!" Dereva alikuwa na mgonjwa. Hakurudi.

Vitofali havikuzama. Maji yalishuka kati ya mawe yakaenda zake. Miti iliyumba, ikapukutisha vijiti na majani makavu, lakini haikuanguka. Hata mmoja haukuanguka. Na nisiwadanganye, si yote iliyopona. Ile iliyokuwa imeoza sana ilikufa taratibu mwaka uliofuata, na Mama Mizizi aliikata mwenyewe, kama alivyoahidi. Lakini iliyobaki ilishika. Leo ukisimama Barabara ya Hospitali, matawi ya upande huu yameshikana na ya upande ule. Ndugu za wagonjwa wanakaa kwenye mabenchi kivulini. Maboksi ya kujifunikia hayaonekani tena.

Baada ya hapo mama huyu alikuwa hashikiki. Aliyaondosha magari yaliyoegeshwa juu ya mizizi. Dereva wetu wa redio ni shahidi. Aliwahi kugongewa kioo na kuambiwa, "Mwanangu, umemkanyaga mtu vidole vya miguu, sogea." Aliwang'olea misumari wabandika matangazo, akawapelekea ofisini kwao ndani ya bahasha. Aliwafundisha akina mama wauza chai wasimwage maji ya moto kwenye shina. Jengo jipya la vioo lilipoanza kuunguza majani ya miti ya ng'ambo kwa mwanga wake, alimpeleka mwenye jengo akasimame pale mahali pa mti, saa sita mchana, bila kofia. Baada ya muda mfupi yule bwana akasema, "Nimeelewa." Mapazia ya nje yakawekwa.

Alituonyesha pia vitu tusivyoviona. Kwamba mti ulio chini ya taa ya barabara huchelewa kuangusha majani kuliko wenzake, maana taa inaudanganya juu ya majira. Kwamba vumbi likishika majani, mti hula kwa shida. Kwamba maji ya kuoshea karai la saruji, ukiyamwaga kwenye shina, umeuwekea mti sumu. Aliyasema haya bila kumdharau mtu. Alisema mti wa porini unaletewa kila kitu na Mungu, mti wa mjini unategemea tabia zetu.

Alipougua, alilazwa hospitali ileile. Wodi ya ghorofani, kitanda cha dirishani. Mnadhani alitulia? Muuguzi aliniambia kwamba asubuhi moja mgonjwa wake alibonyeza kengele kwa nguvu. Akakimbia, akidhani hali imebadilika. Akamkuta Mama Mizizi ameinuka kwa viwiko, anaonyesha nje kwa kidevu. "Lile tawi limekatwa na kinyozi gani?" Wakamtafuta mkata matawi, akapanda juu mpaka wodini, akapewa somo lake pale kitandani, drip inaning'inia. Alitoka amenyooka.

Siku za mwisho hakuweza kusema sana. Mzee alikaa naye, akimsimulia yanayoonekana dirishani: nani amekaa benchi lipi, ua gani limeanguka. Alifariki mchana, mumewe na binti yake wakiwa pembeni.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba ya kila aliyewahi kumsubiri mgonjwa wake chini ya mijakaranda ile, natoa pole kwa familia. Pole kwa binti yake. Pole kwa mdogo wake pale karakana. Pole kwa wafanyakazi wa idara ya bustani, waliofundishwa na mama mmoja ambaye sitaona haya kusema nilimpenda. Jiji hili lilibahatika kuwa naye.

Na wewe unayenisikiliza, kuna mti karibu yako. Mbele ya duka, nje ya dirisha, kituoni unaposhukia. Tumeuweka pale utupendezeshee mji, kisha tumeusahau. Kesho ukipita, tazama chini badala ya kutazama juu. Jiulize, umepata pa kupumulia? Una waya shingoni? Saruji imeukaba mpaka kwenye shina? Jiulize na watu wako pia, wale unaowapenda kwa nguvu zako zote. Umewaachia nafasi ya kukua, au unawamwagia maji kwenye beseni?

Nimebakiza jambo moja, nililoliona mwenyewe makaburini.

Jeneza lilikuwa limeshateremshwa na udongo umesharudishwa. Vijana wakaanza kuupiga tuta kwa migongo ya makoleo, kama ilivyo kawaida, likae imara. Mzee Shindilia alikuwa ameketi kwenye kiti, binti yake amemshika bega. Akainuka. Akatembea taratibu mpaka pale, akaweka mkono juu ya koleo la kijana wa karibu.

"Inatosha, wanangu," alisema. "Muuache hivyohivyo."

Mmoja akamwambia kwa heshima, "Mzee, mvua ikija utatitia."

"Acha utitie," akasema Mzee.

Vijana wakasimama. Naye akapiga magoti, polepole, kwa yale magoti ya mtu aliyeinamia barabara miaka yote. Akaanza kuufumua kwa vidole ule upande uliokwisha kupigwa. Hakuna aliyemwinua. Binti yake akapiga magoti upande wa pili, akamsaidia.

Pole sana, Mzee Shindilia.